Je, Wajua Kwa Nini Kila Utafiti Huhitaji Python Yake?

Mwanafunzi wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Maseno anataka kupima jinsi gugumaji lilivyotanda katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kwa kutumia picha za setilaiti za Sentinel-2 ambazo hutolewa bure. Anahitaji rasterio, maktaba (yaani msimbo ulio tayari kutumika) ya lugha ya programu ya Python, inayosoma picha za namna hiyo. Anafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwenye kipakatalishi chake chenye mfumo wa Ubuntu, anaita pip, zana ya kusakinisha maktaba za Python, kwa kuandika pip install rasterio, na kompyuta inamjibu: "error: externally-managed-environment". Kompyuta ni yake, intaneti ipo. Mbona akataliwe?

Ni kwa sababu Python aliyoikuta humo haimtumikii yeye peke yake. Baadhi ya zana za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python, na maktaba moja ikibadilishwa toleo, zana hizo zaweza kugoma. Ndiyo maana tangu 2023, kuanzia Ubuntu 23.04 na mfumo wa jamaa yake, Debian 12, pip huzuiwa kusakinisha ndani ya Python hiyo ya mfumo. Wapo watakaomwonyesha njia ya kupita kwa nguvu. Asiwafuate, maana kompyuta ikiharibika wiki ya kuwasilisha tasnifu, hakuna atakayemrudishia muda wake.

Hata bila kizuizi hicho, watafiti wana tatizo kubwa zaidi. Python huweka maktaba zinazosakinishwa katika folda iitwayo site-packages, na ndani yake kila maktaba ina nafasi ya toleo moja tu. Likiingia jipya, la zamani linaondolewa. NumPy, ambayo hesabu nyingi za kisayansi huitegemea, ilitoa toleo la 2.0 Juni 2024, karibu miaka 18 baada ya 1.0. Maktaba nyingi zilizokuwa zimeundwa kwa NumPy 1 zilikataa kufanya kazi na 2.0 mpaka zikaundwa upya. Sasa, ikiwa mwanafunzi wetu ana programu ya zamani ya kuchambua mvua ya Kakamega inayotaka NumPy 1, na kazi ya gugumaji inataka NumPy 2, akiweka zote pamoja, moja itavunjika.

Dawa ni kuipa kila kazi mazingira yake yaliyotengwa. Python ina zana ya kufanya hivyo, venv, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kwenye Ubuntu huenda akalazimika kwanza kuandika sudo apt install python3-venv. Kisha:

python3 -m venv gugumaji
source gugumaji/bin/activate
pip install rasterio

Mstari wa kwanza hutengeneza folda iitwayo gugumaji, yenye site-packages yake na njia ya kuifikia Python iliyopo. Ndani yake mna faili ndogo, pyvenv.cfg; Python ikiiona, hujua maktaba zake ziko hapo. Mstari wa pili huiweka folda ya gugumaji/bin mbele katika orodha ya mahali ambapo terminali hutafuta programu. Kuanzia hapo, ukiandika python au pip, inayoitikia ni ya humo. Ukifunga terminali, kesho uanze tena na mstari wa pili. Wengi husahau hapa, wakadhani rasterio imepotea.

Na bando? Pip huhifadhi nakala ya inachopakua, kwa hiyo toleo lilelile likihitajika katika mazingira mengine, kwa kawaida halipakuliwi upya.

Kwa GDAL yenyewe, maktaba ambayo rasterio huitegemea kusoma picha, iliyoandikwa kwa C na C++, mimi ningetumia conda, zana nyingine ya kusakinisha maktaba na kutenga mazingira. Pip hukuletea kiunganishi cha Python tu na kukuachia kazi ya kutafuta maktaba ya chini yenye toleo linalolingana nacho. Conda huleta vyote, pamoja na Python.

Akitaka mwenzake aliye Kisumu arudie vipimo vyake, asimnakilie folda ya gugumaji kwenye flashi. Ndani yake mna anwani kamili za folda za kompyuta ya kwanza, na hazitakuwa sahihi kwenye ya pili. Aandike pip freeze > requirements.txt, apate faili fupi yenye jina la kila maktaba na toleo lake, aitume hata kwa WhatsApp. Mwenzake atatengeneza mazingira yake mapya na kuandika pip install -r requirements.txt. Aongeze pia ujumbe wa toleo la Python alilotumia, kwa sababu faili hiyo hailiandiki.