Jaribio la F halijaulizwa samaki gani mkubwa

Ni mara ya tatu sasa nasikia kauli hii, safari hii Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Kijana aliyepima sato wa mialo miwili anatangaza: "Jaribio la F limeonyesha tofauti, kwa hiyo sato wa ng'ambo ni wakubwa." Hapana. Jaribio hilo la takwimu hulinganisha mtawanyiko wa vipimo; halikuulizwa habari za ukubwa.

Unakokotoa variansi ya kila sampuli, yaani vipimo vimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani wake, kisha unaigawa kubwa kwa ndogo. Dhanio sifuri, yaani dai la kuanzia linalojaribiwa, linasema variansi za pande zote mbili ni sawa, hivyo jibu lisiende mbali na 1. Kwa sato 10 kila upande, jibu likizidi 4.03 unalikataa dhanio hilo kwa kiwango cha asilimia 5, yaani kama dhanio ni kweli, utalikataa kimakosa mara 5 tu kati ya 100.

Kinachotuponza ni neno "tofauti". Limetoka Kiarabu, tafawut, kutolingana, na kwetu limebeba mizigo miwili: pengo kati ya kundi na kundi, na kutofanana kwa samaki ndani ya tenga moja. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliupa mzigo wa pili jina lake mwaka 1918, variansi, lenye mzizi wa Kilatini varius, yaani madoadoa, rangirangi. (Herufi F ni heshima ya mwanatakwimu mwenzake George Snedecor kwa Fisher huyohuyo.) Mimi napenda zaidi neno letu, mtawanyiko; ukilisikia unaona dagaa walioanikwa mchangani. Mialo miwili yaweza kuwa na wastani uleule wa gramu 500, mmoja sato wake wakawa kama mapacha, mwingine ukachanganya wa gramu 200 na wa 900. Mama ntilie anayeuza kwa sahani analiona hilo kabla ya mizani.

Sampuli nazo ziwe huru: sato walewale ukiwapima kwa mizani mbili, jaribio hili haliwafai. Na uzito usipofuata umbo la kengele, yaani wengi karibu na wastani na wachache pembeni, F hupotosha upesi. Jaribio la Levene, ambalo nalo hulinganisha mtawanyiko, huvumilia zaidi.

Mdogo wangu, hesabu yako sina shaka nayo. Sema tu: "Uzito wa sato wa ng'ambo umetawanyika zaidi." Ukitaka kujua wapi ni wakubwa, linganisha wastani kwa jaribio la t la Welch, ambalo halidai variansi zilingane.