Filamu unayo, kitabu si unahamisha tu maneno?

Hii nimeisikia tena juzi kwa mteja, na wanafunzi wangu wa uandishi wa sayansi hapa Mwanza nao wanaipenda kweli: ukishamaliza makala ya filamu basi kitabu kipo tayari, unatoa skripti unapeleka kwa mchapaji.

Jamani hapana. Piga hesabu. Msimulizi anasoma maneno kama 120 kwa dakika, akikimbia zaidi mtazamaji anaachwa. Filamu ya dakika 52, toa wavuvi wanaojiongelea wenyewe, toa sehemu za sauti ya maji na injini tu, msimulizi anabaki labda na dakika 20. Hayo ni maneno 2,400, hata sura moja haijai. Na yenyewe hayasimami bila picha, nikisema "hawa ndio waliobaki" kwenye skrini unaona furu, vile visamaki vya Ziwa Victoria, kiganjani, kwenye kitabu ni hewa.

Chukua sangara. Kwenye filamu nakuonyesha sangara anashushwa mwaloni, nakuonyesha mapanki (mifupa na vichwa vinavyobaki mnofu ukishatolewa) yanakaangwa, dakika mbili tu umeshaelewa nani anakula mnofu na nani anabaki na mifupa. Ila kwanini furu walipotea siwezi kukuonyesha. Sangara waliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, mlipuko wao ukaja miaka ya 1980 na furu ndio walikuwa chakula chao, na kipindi hichohicho mbolea, udongo na maji taka vinaingia ziwani, mwani unaongezeka, maji yanapoteza uangavu, na furu jike anachagua dume kwa rangi, sasa maji yakichafuka rangi haionekani vizuri aina zinaanza kuchanganyikana (huu utafiti umefanyika hapahapa ghuba ya Mwanza, ukachapishwa 1997). Afu kuna furu waliorudi sangara walipovuliwa sana. Hayo yote utayapigia picha wapi? Ni kurasa 40 hizo.

Mfano upo. Ziwa hilihili limetoa filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, ambayo ni minofu, ndege za mizigo na watu wa Mwanza, na kabla yake kitabu cha Mholanzi Tijs Goldschmidt ambacho ni furu mwanzo mwisho. Jaribu kugeuza kimoja kiwe kingine uone.

Filamu nayo ina vyake. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, kwahiyo ratiba yangu ya kushuti inafuata mwezi, haifuati mteja. Zile kelele za kuvuta nyavu saa nane usiku, sijaona mtu akaziandika zikatosha.

Kama unataka vyote viwili, rekodi mahojiano yote hata ya saa nzima ambayo utatumia sekunde 15, na uandike maelezo usiku uleule kabla hujalala. Kitabu kinatoka kwenye vile ulivyokata. Hili silegezi kwa mtu.

Dhana nyingine ninazosikia kuhusu kazi hii nazipitia haraka.

Lazima uwe na digrii ya biolojia? Hapana. Jua kusoma utafiti mpaka sehemu ya mbinu, sio muhtasari peke yake, na usione aibu kumuuliza mtafiti wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) swali la kitoto.

Mtaalamu ndio anaidhinisha filamu? Hapana. Namsomea alichosema na namba zake, akinirekebisha namba nashukuru sana, akitaka nimtoe mwenzake anayempinga hapo tumeachana.

Droni ni yangu narusha popote? Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwanza, na Bodi ya Filamu nao wana chao cha kushuti. Mteja anataka daraja la Kigongo-Busisi kutoka angani kesho asubuhi, kibali hana, anakwambia "wewe si unajua njia". Njia naijua, ni ya kujaza fomu. Hela ya kurusha iweke kwenye bajeti, ya faini utatoa wewe.