Usiandike barua ya kuacha kazi kwa tamaa ya hela za NSSF

“Naacha kazi, nakwenda kuchukua hela zangu NSSF, nafungua biashara.” Maneno haya kuhusu NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, nayasikia kila wiki, na mara nyingi anayeyasema ameshaandika barua na ameshaipeleka kwa afisa utumishi. Akifika kwangu ana swali moja tu: hela zinatoka lini? Nikimwambia hazitoki, ananitazama kana kwamba ni mimi niliyezila.

Nashauri wafanyakazi walioachishwa kazi hapa Dar es Salaam, wengi wao wa viwandani, wa ulinzi na wa hotelini. Nimechoka kueleza jambo hili mtu mmoja mmoja, tena barua ikiwa imeshapokelewa na kugongwa muhuri. Sasa naliandika, pamoja na mengine ninayoyasikia kwa wasio na kazi: kila kichwa hapa chini ni maneno yao, na jibu langu linafuata.

“Michango yangu ni akiba yangu, nikiacha kazi nachukua yote”

Zamani ilikuwa hivyo. Mtu akimaliza mkataba anajaza fomu, anasubiri, anachukua michango yote. Hilo ndilo lililoitwa fao la kujitoa. Mwaka 2012 sheria ilipojaribu kulifuta, wafanyakazi walikuja juu, hasa wa migodini, na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 sheria za mifuko zilibadilishwa upya: mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa PSSSF, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri, na kujitoa kukabadilishwa kuwa fao la kukosa ajira. Tangu hapo miaka imepita, lakini mtaani watu bado wanazungumza kama vile hakuna kilichobadilika. Ukimuuliza nani kakwambia, utasikia: “Shemeji yangu alichukua zake zote.” Shemeji alichukua lini? Mwaka 2015.

Fao la kukosa ajira lina masharti yake. Uwe umechangia angalau miezi 18. Uwe umeondolewa kazini, au kazi yako imekoma bila wewe kutaka. Ukitimiza hayo, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa mwezi, kwa miezi sita. Waliochangia chini ya miezi 18 wana hesabu yao, wakaulize ofisini na stakabadhi zao mkononi. Michango inayobaki haipotei: inakaa hadi uzeeni, na ukipata kazi nyingine unaendelea pale pale ulipoishia. Pensheni inahitaji miezi 180 ya kuchangia, yaani miaka 15, na umri wa miaka 55 kwa kustaafu kwa hiari au 60 kwa lazima.

Sasa tuchukue mfano wa mlinzi ninayekutana naye kila siku kwa sura tofauti. Mshahara wake ni shilingi 600,000. Kila mwezi asilimia 20 inakwenda NSSF, nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri, yaani shilingi 120,000. Kwa miaka sita michango imefika 8,640,000. Namba hiyo ameiona kwenye simu yake na imemtoa usingizi. Kichwani ameshanunua bodaboda mbili na kuezeka chumba.

Akiandika barua ya kuacha kazi kwa hiari, leo hapati hata shilingi moja ya hizo.

Akipunguzwa kazi na mwajiri, hesabu inabadilika. Fao la kukosa ajira ni shilingi 199,800 kwa mwezi, na kwa miezi sita inakuwa 1,198,800. Kuna pia kiinua mgongo chini ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi, kwa aliyefanya kazi angalau mwaka mmoja mfululizo na kuondolewa na mwajiri. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, mshahara wa siku ni kama 23,077. Zidisha kwa saba, kisha kwa miaka sita, unapata karibu 969,000. Ongeza notisi ya siku 28, ambayo mwajiri akitaka uondoke leo leo anailipa kwa fedha. Karatasi moja yenye maneno “naomba kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe” inafuta zaidi ya milioni mbili. Waajiri wanaijua hesabu hii kuliko nyinyi. Ndiyo maana bosi anayetaka kupunguza watu hakuiti kikao cha kupunguza wafanyakazi, ambacho sheria inamtaka atoe taarifa na ashauriane nanyi kwanza. Anakuita ofisini mmoja mmoja, anakupa kalamu, anakwambia kwa sauti ya upole: “Andika tu barua mdogo wangu, tutakumalizia vizuri, na NSSF utachukua zako.”

Usiandike. Kama anataka uondoke, aandike yeye, na sababu aitaje yeye. Barua yake ndiyo utakayoibeba NSSF. Na kama sababu aliyoitaja ni ya uongo, ndiyo utakayoibeba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na huko una siku 30 tu tangu kuachishwa kazi kupeleka mgogoro. Siku hizo 30 huwa zinaishia kwenye kusubiri “tutakupigia”. Na waliokwisha kusaini? Kama ulilazimishwa, peleka CMA ndani ya siku hizo hizo 30 ukiwa na ushahidi: ujumbe wa simu, majina ya wenzako walioitwa siku hiyo hiyo, barua zilizoandikwa kwa mwandiko tofauti lakini maneno yaleyale hadi nukta. Barua kumi zenye sentensi moja ya kufanana huwa ni ushahidi mzuri kuliko kiapo.

Mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho, hujaacha kazi. Mkataba ndio uliokwisha. Usijiongezee barua ya shukrani yenye maneno ya kuaga ambayo afisa wa madai wa NSSF atayasoma kama kuacha kwa hiari. Chukua cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa akupe kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, uondoke nacho.

Je, mpango huu ni wa haki? Nakubali nusu. Waliokuwa wakijitoa kila mkataba ukiisha walifika miaka 60 mikono mitupu, na nimewaona wazee hao wakiomba ulinzi wa usiku. Lakini theluthi ya mshahara mdogo kwa miezi sita, katika mji ambao watu wengi hawapati kazi nyingine ndani ya miezi sita, ni kidogo mno. Kama mnataka kupiga kelele, pigieni kelele hapo: miezi na asilimia. Kudai kujitoa kurudi ni kupigania hela zako mwenyewe zikuache uzeeni.

Na angalia michango yako kila mwezi. Usisubiri kufukuzwa ndipo ugundue mwajiri alikuwa anakata 60,000 kwenye mshahara wako na kuishia nayo. Ukiona mwezi haujaingia, nenda NSSF kulalamika ukiwa bado kazini. Hati ya mshahara inayoonyesha makato itunze kama unavyotunza cheti cha ndoa. Kiwanda kikishafungwa na mwenye mali amerudi kwao, wewe ndiye unayebaki kuthibitisha kwamba ulifanya kazi pale.

“Fao la kukosa ajira serikali inatulipa kutoka bajeti”

Hapana. Linatoka kwenye michango ya wafanyakazi na waajiri. Hazina haikutengei wewe fungu la kukosa kazi, na ndiyo maana asiyewahi kuchangia, hata awe na shahada mbili, hana cha kudai NSSF.

Kuna wanaosoma kwamba bajeti ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49 na kuuliza: hata bilioni moja ya vijana wasio na kazi imekosekana? Swali zuri, lakini lianze na mpangilio. Katiba, ibara ya 141, inaliweka deni la taifa juu ya Mfuko Mkuu wa Hazina. Maana yake ni kwamba malipo ya deni yanatoka kwanza, bila kusubiri kujadiliwa na wizara za elimu na afya. Baada yake mishahara ya watumishi. Miradi mikubwa, reli na barabara nayo ina wadai wake. Kinachobaki ndicho kinachogombewa, na katika ugomvi huo vijana wasio na kazi hawana mtu wa kukaa mezani mwaka mzima, zaidi ya mwezi wa hotuba ya bajeti. Huo ndio ukweli wenyewe, na si kwamba hela hazipo.

“TASAF ni ya wasio na kazi, kwa nini sijawekwa?”

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilianza mwaka 2000, na mpango wake unalenga kaya maskini sana. Neno ni kaya. Kijana mwenye diploma anayeishi kwa wazazi wenye duka na nyumba ya vyumba vitatu hataingia, hata akae bila kazi miaka mitano. Majina hutokana na mkutano wa mtaa au kijiji, kisha kaya inahojiwa. Ajira za muda za TASAF, za kuchimba mitaro na kupanda miti, nazo ni za kaya zilizo kwenye mpango. Ukiona jirani mwenye gari analipwa, kalalamikie jina hilo kwa mtendaji, siyo kudai na wewe uingizwe.

“Ile asilimia kumi ni hela ya mama, ukipata umepata”

Wanasema mikopo ya halmashauri kwa vikundi, na “mama” ni Rais. Hii hainikeri kama ile ya kwanza, ila nayo imeua vikundi vingi. Fedha hizo hazitoki Ikulu wala Hazina. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa soko, leseni za biashara, ada za mabango, ile 500 anayotozwa mama lishe asubuhi, baada ya kutoa mapato lindwa, yale yaliyotengewa kazi maalumu. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo.

Fanya hesabu ya halmashauri ndogo. Ikikusanya bilioni moja ya mapato hayo, asilimia kumi ni milioni 100, na fungu la vijana ni milioni 40 kwa wilaya nzima kwa mwaka. Vikundi vinne vikipata milioni kumi kila kimoja, zimeisha. Kwa hiyo kikundi kinachokopa na kuzima simu hakijamuibia Rais. Kimemuibia kijana wa kata ya jirani aliyekuwa wa tano kwenye foleni. Manispaa ya Kinondoni na wilaya ya pembezoni haziwezi kuwa na fungu sawa, hilo nalo watu hawalioni. Wanadhani kuna mtu anawanyima.

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi na utaratibu mpya, na umri wa vijana ukapandishwa kutoka 35 hadi 45. Kama ulikataliwa ukiwa na miaka 38, rudi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini usiende na kikundi cha watu waliokutana jana kwenye benchi la ofisi yake. Nimeona maandiko ya mradi wa kuku yaliyonakiliwa hadi jina la kata nyingine limeachwa ndani.

“Takwimu za ukosefu wa ajira ni za kupika”

Utafiti wa nguvukazi wa 2020/21 ulisema asilimia 9, na watu wakacheka. Kinachohesabiwa hasa ni mtu asiye na kazi. Anayeuza vocha barabarani kwa saa chache mara nyingi ana kazi kitakwimu, hata kama hali yake ni ya kukosa. Asilimia hiyo ni ndogo kwa sababu maskini hawana uwezo wa kukaa bure. Tatizo ni kipato, na kwa hilo soma safu nyingine za ripoti ileile.

“Sina kazi, basi deni la HESLB limesimama”

Deni la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, halijasimama. Tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia kumi ziliondolewa 2021, hiyo ni kweli, na ilikuwa nafuu kubwa. Deni lenyewe liko pale pale, na siku utakapoajiriwa asilimia 15 ya mshahara itakatwa kabla hujauona. Nenda bodi uwaambie hali yako. Wanaoonekana ndio wanaopewa mpangilio wa kulipa kidogo kidogo.

“TaESA ni kwa wenye godfather”

TaESA ni chombo cha serikali cha huduma za ajira, na kujiandikisha ni bure. Wengi wanawachanganya na Sekretarieti ya Ajira inayotangaza kazi za utumishi wa umma. Mtu akikuomba hela ya “kuingiza jina TaESA”, huyo ni tapeli, mripoti. Jiandikishe, omba mafunzo tarajali wanayounganisha na waajiri, na kwenye fomu andika namba ya simu ambayo haitazimwa wiki ijayo kwa sababu ya deni la songesha, ule mkopo wa kwenye simu.