Chambo cha Juu ya Maji Hakihifadhiwi Mwezi wa Oktoba

Kwa mara ya nne msimu huu nimepokea ujumbe wa ndugu anayevua katika bwawa la Kentucky, hapa Marekani, akinieleza kwamba amekwisha kukausha vyambo vyake vya juu ya maji, yaani vile vya bandia vinavyoelea, na kuvihifadhi mpaka mwakani, kwa sababu maji yamepoa na besi, samaki tunayemwinda, wameshuka chini. Namheshimu sana, lakini imani hii inawanyima watu wiki sita za uvuvi bora wa mwaka mzima, na siwezi kuendelea kuijibu kwa ujumbe mmoja mmoja.

Naelewa inakotoka. Wengi wetu tulijifunza kumvua besi Naivasha, ambako samaki huyu aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na kule kanuni ya kuvua juu ya maji alfajiri na magharibi ina sababu yake: joto la maji halibadiliki sana mwaka mzima, na asubuhi ziwa hutulia kabla upepo wa mchana haujalivuruga. Vuli ya Kentucky ni jambo jingine kabisa. Majani yanapukutika, usiku unarefuka, na shadi, wale dagaa wa fedha wa huku, wanaondoka kwenye maji mapana na kuingia ndani ya mahori, ile mikono ya bwawa inayoingia nchi kavu, kwa makundi makubwa. Besi huwafuata. Shadi akiwa kwenye kina cha mita moja, besi hana haja ya kukaa mita sita.

Kinachowapoteza watu zaidi ni ukingo. Tangu Julai, maji ya bwawa hili hushushwa kidogokidogo, takriban mita moja na nusu kufikia mwanzoni mwa Desemba, ili kuacha nafasi ya mafuriko ya masika. Kichaka kilichokupa samaki watano mwezi wa Juni sasa kinasimama kwenye tope. Mtu anakitupia, hapati kitu, kisha anasema besi wameshuka chini, ilhali wamehama kwa upande tu.

Sasa nije kwenye kipimajoto, kwa maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Mvuvi anasoma nyuzi 17 kwenye kioo cha boti saa moja asubuhi na kuamua siku nzima kwa tarakimu hiyo. Nyuzi 17 zilizofikiwa polepole kwa wiki tatu ni habari njema, kwa kuwa samaki amezizoea na anakula kwa bidii. Nyuzi 17 zilizoletwa na baridi ya usiku mmoja, siku iliyotangulia zikiwa 21, ni habari mbaya, na siku mbili zinazofuata huwa ngumu kwa kila aina ya chambo. Kisha kuna saa yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba alfajiri mara nyingi ndiyo saa mbovu kuliko zote, wakati hori fupi lenye maji ya rangi ya chai, likipigwa na jua tangu asubuhi, linaweza kuwa limepanda nyuzi mbili kufikia saa nane mchana. Nyuzi hizo mbili ndizo zinazowapandisha shadi.

Katika kuchagua chambo, naangalia dagaa kwanza. Shadi wa mwaka huu wana urefu wa sentimita tano hadi nane, kwa hiyo naanza na popa ndogo, chambo kinachoelea na kurusha maji kikitikiswa, yenye manyoya kwenye ndoana ya nyuma. Maji yakiwa na mawimbi madogo, nachukua kile kirefu kinachoyumba kushoto na kulia, na penye magogo napitisha chenye pangaboi. Mshipi uwe wa nailoni au wa kusuka. Mshipi wa florokaboni huzama na kuvuta pua ya chambo chini. Kuhusu rangi, nakiri kwamba baada ya miaka mingi bado nina shaka. Nabadilisha tumbo jeupe kwa la njano mara kwa mara, na nadhani mara nyingi ni moyo wangu unaotulizwa, si samaki anayeshawishika.

Maji yanavyozidi kupoa, kusimamisha chambo ndiko kunakovua kuliko kukivuta. Juzi nilitupa popa pembeni ya gati bovu, nikaitikisa mara mbili, nikaiacha. Viduara vya maji vikapanuka mpaka vikafika kwenye nguzo na kutoweka. Manyoya yalikuwa yakifunguka polepole, kama ua. Nilihesabu mpaka tisa. Maji yakavimba nyuma yake bila mlio, na popa ikatoweka kana kwamba imenyonywa.

Hapo usivute. Macho yanaona msukosuko wa maji kabla samaki hajafunga mdomo, na anayevuta kwa macho huirudisha popa hewani, ndoana za meno matatu zikimwelekea usoni. Subiri uzito kwenye fimbo, kisha inua kwa nguvu ya kiasi tu. Besi akikosa, acha chambo palepale alipokosea, kitikise kidogo, na usubiri tena, wengi hurudi.

Binafsi huacha kuvua juu maji yanapokaa chini ya nyuzi 12 kwa siku kadhaa mfululizo, na hapo huwa tumekwisha kuingia Novemba. Jumamosi hii sitaamka mapema. Nitashusha boti saa tano asubuhi, na nitaelekea moja kwa moja mwisho wa hori.