Mstari ukinyooka, shoti haisaidii: vifaa ambavyo sinema huvikosea

Dhana: monita ya moyo ikichora mstari ulionyooka, mgonjwa apigwe shoti ya umeme kifuani.

Kosa hili ndilo sugu kuliko yote, maana linaigeuza kazi ya mashine ya shoti. Shoti haiwashi moyo uliozimika. Huutuliza kwa ghafla moyo unaotetemeka ovyo, ili mfumo wake wa asili wa umeme ushike mdundo upya. Kwa mtu asiye na mapigo, shoti inafaa hali mbili tu: vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka bila kusukuma damu, au vinakwenda mbio mno hadi havisukumi kitu. Zote mbili huonekana kama mawimbi.

Mstari ukinyooka, kazi ni ya mikono: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, pamoja na adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Wakati huohuo mwingine anakagua nyaya, kwa sababu waya uliochomoka nao unaweza kuleta mstari kama huo.

Halafu kuna kule kusugua vibao viwili vya mashine ya shoti kama mtu anayeosha sahani. Siku hizi hutumika zaidi pedi za kunata: moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Mashine nyingi za kisasa hutoa jouli 120 hadi 200. Misuli hushtuka, lakini mgonjwa haruki kitandani. Na baada ya shoti hakuna kusimama kukodolea monita; kifua kinakandamizwa tena papo hapo, dakika 2, ndipo mdundo unaangaliwa.

Zile mashine ndogo za shoti zinazotundikwa kwenye viwanja vya ndege hupima mdundo zenyewe. Zikikuta mstari mnyoofu, hukataa kutoa shoti hata stelingi abonyeze kwa machozi.

Dhana: bastola yenye kiwambo cha kupunguza mlio hulia "fyu" tu.

Bastola ya milimita 9 hulia kwa takriban desibeli 160. Kiwambo kizuri hupunguza 20 hadi 35, kwa hiyo bado ni kelele ya kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Kiwambo hupooza gesi inayotoka mtutuni, basi. Risasi inayopita kasi ya sauti, yaani karibu mita 343 kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe. Ndiyo maana wanaotaka utulivu huchagua risasi nzito ya gramu 9.5 hivi, iendayo polepole.

Kufunga kiwambo kwenye bastola ya gurudumu ni kichekesho zaidi: gesi huvuja kwenye mwanya kati ya gurudumu na mtutu. Nagant M1895 ya Urusi ni ya pekee kidogo, kwani gurudumu lake husogea mbele na kuuziba mwanya huo.

Dhana: picha ya kamera ya ulinzi ikikuzwa, namba ya gari inasomeka.

Namba iliyochukua pikseli 12 kwa upana haina herufi za kusomwa. Kukuza kunaleta miraba mikubwa tu. Programu za akili bandia huinyoosha picha kwa kubahatisha, na herufi zinazotokea zinaweza kuwa za gari lingine. Njia ya kweli ni kuunganisha fremu nyingi za video moja gari likisogea, nayo hushindwa video ikiwa imebanwa sana.