Stenlesi huliwa pale usipopaona

"Stenlesi haishiki kutu." Kauli hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mwenye chombo aliyetaka kufunga bawaba za usukani kwa bolti mpya za stenlesi, kuzizamisha kwenye gundi, kisha kuzisahau. Tafadhali, usizisahau!

Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi ya kromiamu. Utando ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe, mradi oksijeni ipo. Tatizo lote limo kwenye hilo "mradi". Sehemu ya bolti inayopitiwa na maji hung'aa miaka nenda miaka rudi. Lakini iliyojificha ndani ya ubao, chini ya kichwa cha bolti, au pale mhimili wa usukani unapoingia kwenye bushi (bomba fupi unamozungukia), imezingirwa na maji yaliyotuama. Oksijeni ya humo huisha, kloridi ya chumvi ya bahari hukusanyika, maji hugeuka asidi, utando huvunjika na haurudi tena. Shimo likishaanza hujiendeleza lenyewe. Ndiyo maana bolti hutoka na kichwa kizima na shingo iliyoliwa. Anayekagua kwa nje anatazama sehemu ile ile isiyo na ugonjwa.

Hapo hujibiwa: "Lakini yangu ni 316", yaani daraja la stenlesi la baharini. Sawa, ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na inaishinda 304, stenlesi ya kawaida. Huchelewesha tu, haizuii. Kwa bawaba za chini ya maji mimi huchagua bronzi (aloi ya shaba) ya silikoni au ya alumini, bolti na bawaba zikiwa za jamii moja. Jihadhari na ile iitwayo bronzi ya manganizi: karibu asilimia 40 yake ni zinki, kwa hiyo ni brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki. Zinki ikiyeyuka, hubaki shaba yenye vinyweleo, ya rangi ya waridi, isiyobeba mzigo. Ikwangue kwa kisu uone.

Hatari ya kugusanisha metali tofauti ndani ya maji ya bahari haihitaji mjadala. Manowari ya Uingereza HMS Alarm ilivikwa shaba mwaka 1761. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa, na iliyotengwa nayo kwa karatasi ya kahawia ilikuwa salama.

Zinki ya kinga, yaani kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya metali nyingine, iguse metali inayolindwa au iunganishwe nayo kwa waya, iwe kwenye maji yale yale, isipakwe rangi, ibadilishwe ikibaki nusu. Hata hivyo, kinga yake huingia kwa taabu ndani ya mwanya mwembamba. Na kwenye vyombo vya mbao mimi husita kuifunga: ikizidi, huzalisha alkali kwenye metali inayolindwa, na alkali hiyo hulainisha mbao kuzunguka bolti. Kama bawaba na bolti ni bronzi moja, mimi huziacha bila zinki na kuzikagua mara kwa mara, ingawa wapo mafundi ninaowaheshimu wasiokubaliana nami.

Matanga ya chombo nayo yanachangia tatizo hili. Chombo kinapong'ang'ania kwenda joshi (upande utokako upepo) hadi unashikilia usukani ukiwa umepinda nyuzi (digrii) 10 au zaidi, usukani umekuwa breki, na nguvu yote inapitia kwenye bawaba. Bawaba zikicheza, gundi huachia na maji huingia na kutuama, yaani ule ule mwanya niliousema. Nyuzi 3 hadi 5 zinatosha. Kabla ya kununua bolti nene, legeza demani (kamba ya kuvutia tanga) ya tanga kuu, na upunguze tanga mapema, chombo kisilale mno.

Ukiona mchirizi wa kahawia pale mhimili unapoingia kwenye bushi, usiufute ukapaka rangi. Shusha usukani, utoe mhimili, uusafishe hadi metali tupu. Hata dawa ya rangi ya kutafutia nyufa huonyesha tu ufa uliofika kwenye uso ulio wazi, kwa hiyo nayo haina kazi mpaka mhimili uwe nje.