Kwanini Mtwara na Lindi zilibaki nyuma, na nini hasa kinaziinua sasa

Nikisema nafanya kazi ya uchumi wa mikoa na kwamba miaka mingi nimeifuatilia kusini, watu wananiuliza kwanini kule maendeleo yamechelewa, alafu kabla sijafungua mdomo wanajijibu: ni mbali, barabara mbaya, watu wanapenda ngoma kuliko kazi. Hili la mwisho linaniuma kweli, kwa sababu hao hao wanaosemwa ndo wanaolima sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania, zao linaloleta dola nyingi kila msimu, na wanailima kwa jembe la mkono na mashine ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mgongoni. Umbali nao haukushuka kutoka mbinguni. Ukifuatilia miaka na maamuzi unaona kabisa kuna mahali serikali, ya mkoloni na baadaye ya kwetu, ilikaa mezani ikaamua pesa ipite wapi, na mara nyingi haikupita kusini.

Chukua reli. Kuna vijana wa Mtwara hawajui kwamba kulikuwa na reli. Waingereza baada ya vita kuu ya pili walikuwa na njaa ya mafuta ya kula, wakaanzisha ule mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuingia bara. Mradi ukafa mwaka 1951, pauni milioni 36 na zaidi zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa kwa sababu haikuwa na mzigo wa kutosha. Yaani bandari ikabaki inaangalia bahari, nyuma yake hakuna njia ya kuiletea mzigo. Alafu ikaja TAZARA, reli ya Dar mpaka Zambia, ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na mzigo mwingi wa Zambia ukaelekezwa Dar. Sisemi TAZARA ilikuwa kosa, Zambia ilikuwa imebanwa na Rhodesia na kulikuwa na sababu nzito za kisiasa, ila kwa Mtwara maana yake ilikuwa moja tu, kwamba mzigo ambao ungeweza kuifanya bandari yake iwe hai umepewa njia nyingine. Na miaka hiyohiyo ng'ambo ya Ruvuma kuna vita ya ukombozi wa Msumbiji, wapiganaji wake wa FRELIMO wana kambi Nachingwea, mkoa mzima umekuwa mpaka wa vita. Nani angepeleka kiwanda huko?

Kwa mtu wa kawaida wa Newala au Tandahimba lakini, pigo kubwa halikuwa reli, lilikuwa vijiji. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata korosho kama tani 145,000. Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka walikokuwa wamepanda mikorosho yao wakapelekwa kukaa pamoja kilomita kadhaa mbali, na mkorosho usipopaliliwa nyasi zinaota, moto unapita, mti unakufa au unaacha kuzaa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, ununuzi ukawa chini ya mamlaka ya serikali na bei ya mkulima ikawa ndogo kiasi kwamba hana sababu ya kurudi shambani, na juu ya yote ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu unaoshambulia mikorosho. Kufika nusu ya pili ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Na katikati ya huo mporomoko serikali ilikuwa inakopa nje kujenga viwanda vya kubangua korosho, vikafika 12, wakati korosho yenyewe haipo! Vingine viliwaka kidogo vikazima, na baada ya kubinafsishwa kadhaa vikawa maghala tu. Mimi hapa ndo nilipojifunza kutosoma sera kwa majengo. Jengo linapigwa picha, ila kinachoamua mkoa uinuke au uzame ni bei ambayo mkulima anapata, nani anaipanga, na kama anaiamini kiasi cha kwenda kupalilia.

Zao lilirudi polepole kuanzia miaka ya 1990, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wanastahili heshima kubwa hapo, salfa na miche bora ilitokana na kazi yao. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo mlikuwa mnasubiri kivuko cha Ndundu na mvua ikinyesha safari imeisha, ila kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu, kilisubiri lami miaka mingi baada ya daraja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zilivyobomoa barabara maeneo ya Somanga mikoa miwili ilikatika na Dar kwa njia yake ya moja kwa moja. Njia moja tu ya moja kwa moja kwenda Dar kwa mikoa miwili, hiyo peke yake inaeleza mengi.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye ushuru wa korosho, maana hapa ndo sera inaonekana bila nguo. Korosho ghafi ikitoka nje inalipiwa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya kusafirishia au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Lengo lilikuwa kufanya ubanguaji wa ndani ulipe. Sheria ilikuwa inasema asilimia 65 ya pesa hiyo irudi kwenye zao lenyewe, yaani pembejeo, utafiti, miche, na 35 iende Hazina. Kiukweli huo ndo ulikuwa mfano mzuri kabisa wa kanuni ya kuurudishia mkoa sehemu ya unachozalisha bila mkulima kwenda kupiga magoti kwa mtu. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, pesa yote ikaingia Mfuko Mkuu wa serikali, wabunge wa kusini walipiga kelele sana bungeni na wakashindwa. Miezi michache baadaye bei ya dunia ikashuka, wakulima wakakataa bei za mnadani, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaisomba. Bei ilikuwa nzuri na watu walishangilia, ila kulipa kukaenda taratibu kwa sababu ya uhakiki wa nani ana shamba na nani ni wa kangomba, wale wanaonunua kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, korosho nyingi ikakaa maghalani, na mkulima ambaye hajalipwa hana pesa ya salfa ya msimu unaofuata. Uzalishaji ulikuwa tani 313,000 msimu wa 2017/18, ukashuka mpaka kama 225,000 na kufika 2020/21 ulikuwa karibu 210,000. Mkorosho una mambo yake, mvua, umri, magonjwa, siwezi kuibebesha sheria moja mzigo wote, ila ukiondoa pesa ya pembejeo na ukavuruga malipo kwa mpigo usitegemee mti ukuelewe.

Na angalia upande wa pili. Serikali iliporudisha ruzuku ya salfa na viuatilifu na mnada ukatulia, msimu wa 2024/25 ukavuka tani 528,000, haikuwahi kutokea kabla, na minada ya mwanzo ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Wakulima ni walewale na ardhi ni ileile.

Gesi ilikuwa mtihani wa namna hiyohiyo na ilimwaga damu. Watu walipoimba "gesi haitoki" mwisho wa 2012 na vurugu zikatokea Januari na Mei 2013 mpaka jeshi likaingia mjini, wengi wa Dar waliona ni ubinafsi wa kimkoa. Mimi nilisikia watu waliokwisha kuona reli ikiondoka na viwanda vikifungwa, sasa wanaona bomba linachimbiwa kuelekea Dar. Rasilimali ni ya taifa, sawa, nakubali, lakini kilichobaki kwa halmashauri kisheria wakati huo kilikuwa ushuru wa huduma, asilimia 0.3 ya mauzo. Kile kiwanda kikubwa cha saruji kilichofunguliwa Mtwara 2015 kilileta ajira, ila kiwanda kimoja hakitoshi kujibu swali la mkoa unabaki na nini.

Kinachonipa moyo siku hizi ni bandari. Gati jipya la mita 300 limejengwa, makaa ya mawe ya Ruvuma yakaanza kuletwa bandarini kwa wingi bei ya dunia ilipopanda 2022, na 2023 Rais Samia akaagiza korosho ya kusini isafirishwe Mtwara badala ya kupandishwa malori mpaka Dar. Watu wanaidharau hiyo amri kama ya kisiasa, lakini fikiria wapakizi, mama lishe, madereva, mawakala wa forodha, gereji, nyumba za kulala wageni, yote hiyo ilikuwa inalipwa Dar kwa mzigo wa Tandahimba. Shida ni kwamba meli za makontena zinakuja kwa msimu, zikija tupu gharama inapanda na mnunuzi anaikata kwenye bei ya mkulima, kwa hiyo bila mzigo wa kuingia, saruji, mbolea, bidhaa za Malawi na kaskazini ya Msumbiji, amri itabaki inasukumwa kila mwaka kwa simu ya mkubwa.

Serikali sasa inajenga kongani ya viwanda vya korosho, yaani eneo moja la viwanda vingi, Maranje mkoani Mtwara, na mimi naiunga mkono kwa sharti moja: kabla ya kuezeka paa, ile sehemu ya ushuru inayorudi kwenye zao ilindwe kisheria kwa namba inayojulikana, sio kwa hisani ya bajeti ya mwaka, na mbanguaji wa ndani apewe nafasi ya kununua kabla mnada haujafunguliwa kwa wanaopeleka ghafi India na Vietnam. Hilo la kununua kwanza litashusha ushindani kidogo mnadani na mkulima atalihisi, kwa hiyo lazima lipimwe, nafuu ipewe mbanguaji kwenye umeme na mtaji na sio kwenye kilo ya mkulima wa Nanyamba.